Tiki ya Pili

Mpwa wangu alipofariki, simu yake nayo ilizimika, na tangu asubuhi ile kila ujumbe tulioandika kwenye kundi la ukoo ulibaki na tiki moja.

Kwa msomaji asiyeyazoea sana mambo haya, nieleze taratibu, maana hata mimi nilifundishwa. Ukituma ujumbe kundini, tiki moja ina maana kwamba umetoka kwako. Tiki ya pili haiji mpaka ujumbe uwe umeingia kwenye simu ya kila mtu aliyemo. Akibaki mmoja tu ambaye simu yake haiwaki, ujumbe wa watu wote unakaa na tiki yake moja. Unasomeka, unajibiwa, watu wanaweka emoji zao, lakini ile tiki ya pili haiji.

Tulikuwa wengi kundini. Wengine Dar es Salaam, wengine Morogoro, wengine Kilosa mjini na Rudewa, mimi Mikumi, na dada yangu, mama wa marehemu, huko milimani njia ya Berega. Rambirambi ziliandikwa, ratiba ya mazishi ikaandikwa, zamu za kupika zikapangwa. Tiki moja, tiki moja, mpaka chini. Hakuna aliyeitaja. Kila mmoja alijua ni simu ya nani ambayo haijapokea, na hakuna aliyethubutu kumwondoa mwenye simu.

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akituamsha. Alfajiri, kabla hata wenye safari hawajafunga viatu, alituma ujumbe wa sauti: "Haya, ndugu zangu, kumekucha." Kisha mstari mmoja wa Biblia, bila mahubiri. Nyuma ya sauti yake ulisikia majogoo wa mama yake na mlango wa banda ukifunguliwa. Mtandao nyumbani kwao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo alipanda kwenye jabali lililo nyuma ya nyumba, akatuma, akateremka kwenda shambani. Sisi tulimsikiliza tukipiga mswaki.

Wa kwanza kumjibu siku zote alikuwa mtani wetu wa Mikumi. "Leo umeamka?" alikuwa akiandika. "Basi mvua itanyesha."

Mtani huyu ni mama wa rika la dada yangu, ana kibanda cha chakula kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika. Ukoo wao ni wa bondeni, Waislamu, na ukoo wetu ni wa milimani, Waanglikana. Tumekuwa watani tangu enzi za mababu, kwa sababu ambazo kila upande unazisimulia kwa namna ya kujipendelea. Yeye na dada yangu walisoma pamoja shule ya misheni, bweni moja, kitanda cha juu na cha chini. Alitoka pale Mwislamu vilevile alivyoingia, ila alitoka na kitabu cha Mithali kichwani, kwa kuwa walikikariri kila asubuhi kabla ya uji. Alikuwa akituambia kwamba katika vitabu vyetu vyote, hicho ndicho peke yake kilichoandikwa na mtu anayejua utani.

Mpwa wangu alipofika sekondari alikaa kwa mama huyu, maana shule ilikuwa jirani naye. Kijana yule alipenda usingizi kuliko wali. Mtani alimwamsha kwa kikombe cha maji usoni, huku akimsomea ile mistari ya Mithali inayomsema mvivu. Jina la "mvivu wangu" lilianzia hapo, naye yule kijana akamwita "mama wa Mikumi" mpaka mwisho. Alipokua, akawa wa kwanza kuamka kati yetu sote, lakini jina halikumtoka. Nadhani alituamsha kila siku ili mama wa Mikumi aone.

Ni lazima nieleze pia jinsi mistari ilivyokuwa ikitumika kundini, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka.

Zamani nilidhani watu wakiwa na Biblia ndani ya simu wataisoma zaidi. Kweli waliisoma, lakini wengi waliisoma kama mtu anayetafuta jiwe la ukubwa unaomtosha mkononi. Shemeji mmoja aliuliza kundini kwa nini mipango ya harusi fulani imebadilishwa bila wanawake kuambiwa. Mzee mmoja wa Rudewa hakumjibu, alimtumia tu namba ya sura na mstari, kule Paulo anakowaambia wanawake wanyamaze katika kusanyiko. Shemeji akafungua Biblia yake, akasoma, akarudi na namba yake: habari za punda wa Balaamu. Kwa maneno yake mwenyewe akaongeza kuwa Mungu akitaka hata punda husema, na anayepigwa fimbo siku hiyo si punda. Tulicheka. Ila mzee hakucheka, na watu wawili walijitoa kundini.

Mimi ni mwalimu mstaafu na msomaji wa kanisa, basi wakaniomba niweke utaratibu. Niliwaandikia kwamba Mathayo, sura ya kumi na nane, inatosha kabisa kwa kundi la simu. Ndugu akikukosea, nenda kwake mkiwa wawili tu, na hiyo kwa siku hizi ni inboksi. Asiposikia, chukua mmoja au wawili mwende pamoja. Asiposikia bado, liambie kanisa, yaani lileteni kundini. Akikataa hata hapo, basi ndipo awe kama mtu wa nje. Niliongeza jambo moja ambalo halimo katika Mathayo. Niliwaambia kwamba mstari ukisemwa na mtu aliye mbele yako, unakuja na uso wake na sauti yake. Ukitumwa kwa simu, unafika bila uso, na anayeusoma ndiye anayeuvisha uso. Mara nyingi huuvisha uso wa yule anayemwogopa.

Sehemu ya hatua iliwapendeza. Mtoto wa marehemu kaka yangu, anayefanya kazi za kompyuta Dar es Salaam, na ambaye ndiye admini mwenzangu, aliziandika juu kabisa kwenye maelezo ya kundi. Ni kijana mwenye adabu na moyo wa kujenga. Alizipenda kwa sababu zilikuwa na mpangilio. Sehemu ya uso haikuandikwa popote.

Kisha mpwa wangu akalala na hakuamka. Hakuumwa, hakuanguka. Dada yangu alingoja kusikia mlango wa banda, hakuusikia. Jua likapanda mpaka kwenye ukuta, ndipo akaenda kugonga.

Habari zilinifikia nikiwa Mikumi, nikaondoka saa ileile. Kati ya Kilosa na milimani kuna vipande virefu ambavyo simu inakuwa kama kipande cha mbao, na katika moja ya vipande hivyo ndipo mambo yote yalipotokea. Nilipofika na simu kushika mtandao, ujumbe ulimiminika. Katikati ya rambirambi kulikuwa na ujumbe wa mtani. Hakuwa ameandika pole. Aliandika hivi tu: "Mithali 6:9. Mvivu wangu."

Jaribu kuwaona watu wale, kila mmoja mahali pake, wakifungua Biblia zao kuutafuta mstari huo. Ni ule unaomwuliza mvivu atalala mpaka lini, na lini ataamka usingizini. Mmoja ofisini, mmoja kwenye foleni, mmoja jikoni, na kijana wao amekufa amelala. Nilisoma majibu yao kwa mfuatano wake. Wa kwanza aliuliza kama ameelewa vizuri. Wa pili aliandika kwamba hakuelewa mama huyu ana moyo gani. Mwingine akauliza kwa nini mtu asiye wa dini yetu anatudhihaki kwa kitabu chetu. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa kijivu usio na mwandishi, ukisema kwamba admini amemwondoa. Kutoka ujumbe wake hadi kuondolewa kwake, hata chungu cha maharage kisingechemka.

Tulimzika kijana siku iliyofuata. Mchungaji alisema maneno mazuri, kwaya iliimba, udongo ukarudishwa. Lakini kwetu mazishi yana sauti nyingine, na sauti hiyo haikuwepo. Mtani ndiye hujilaza kando ya kaburi na kudai limechimbwa fupi. Mtani ndiye humsema marehemu kwa yale ambayo ndugu hawawezi kuyasema, mpaka mtu anacheka, na kicheko kinafungua njia ya kilio. Siku ile watu walilia kwa heshima, chinichini, kama waliopo ofisini kwa mtu.

Tukarudi nyumbani, dada akakaa kwenye mkeka. Kwetu mfiwa hainuki mkekani kwa hiari yake. Mtani huja na ufagio, hufagia chumba, humtania, kisha humshika mkono na kumwinua, na hapo ndipo tanga huanuliwa na watu huenda makwao. Siku ya kuanua ilipofika, wazee walimleta mama mwingine wa ukoo wa bondeni anayeishi karibu. Dada alimkaribisha, akamshukuru, akasema hatainuka.

"Mtani wa mwanangu yuko wapi?" aliniuliza.

Nilimweleza yote. Sikuficha hata mstari. Nilipotaja Mithali sita, tisa, sikuhitaji kuusoma. Alifumba macho kama mtu anayesikia wimbo wa bweni.

"Angeyasema hayo mbele ya jeneza," alisema, "ningelia nikamaliza. Sasa hivi sijaanza."

Akalala tena. Uji ulikuja, akanywa vijiko vichache, ukarudi. Siku zikaenda hivyo. Muuguzi mmoja jirani, mstaafu kama mimi, alinivuta pembeni akasema mwili wa umri ule hauwezi kuvumilia mchezo huu kwa muda mrefu, tena mwenyewe ana kisukari. Ndugu wa Dar na Morogoro walikuwa na kazi zinazowasubiri, lakini nani ataondoka tanga likiwa halijaanuliwa?

Kilichonitisha zaidi kilikuwa alfajiri. Nyumba ilikuwa imejaa watu, kila chumba, na hata ukumbini. Kila alfajiri, saa ileile aliyokuwa mpwa wangu akipanda jabalini, niliamka, na gizani nikajua kwamba wote wameamka. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyegeuka kwenye mkeka. Tulilala tumekodoa macho, tukisikiliza majogoo wa dada, na mlango wa banda ambao haukufunguliwa. Kisha mtu mmoja aliigusa simu yake, mwanga ukaonekana darini na kuzimika. Hatukuwa tukingoja chochote, na tulikuwa tukingoja. Dada yangu ndiye peke yake aliyesema neno, kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ndogo kuelekea chumba cha mwanawe. Mke wangu, ambaye si wa milimani, aliniuliza asubuhi moja alikuwa anasema nini. Nilimwambia ni sala. Haikuwa sala. Alikuwa akimwuliza kijana ataamka saa ngapi.

Asubuhi hiyo niliondoka kwenda Mikumi.

Nilimkuta mtani kibandani, ungo mapajani, akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Leo umekuja na hatua ya ngapi?"

Nikamwambia nimekuja na ya kwanza, mtu na mtu.

"Mmeanza mwisho, sasa mnarudi mwanzo. Nyie watu wa mlimani hata kusoma mnasoma kinyumenyume." Maneno yalikuwa ya utani, lakini sauti ilikuwa imekauka. Akanionyesha benchi.

Alinisimulia taratibu, vidole vikiendelea na mchele. Siku ile alikuwa tayari ameshafika stendi ya Kilosa, na ufagio mpya kwapani, akingoja gari la kupanda milimani. Mstari alikuwa ameutuma gari la Mikumi likikaribia kufika hapo, ili kijana ajue mama wa Mikumi yuko njiani anakuja kumwamsha. Kwanza iliingia inboksi kutoka kwa kijana asiyemjua, akimwuliza yeye ni nani hata amtukane marehemu. Alikuwa bado anatafuta miwani alipoona wengine wawili wameandika. Alipoipata miwani na kuivaa, hakuweza tena kuandika kundini.

"Natafuta miwani," alisema, "kesi imekwisha."

Alikaa pale stendi mpaka gari la milimani likajaa likaondoka, kisha akapanda la kurudi Mikumi. Ufagio ulikuwa umesimama pembeni ya jiko, haujafagia kitu.

Nilimwomba radhi. Alikataa kwa kutikisa kichwa. Alisema mimi sikumwondoa, na radhi ya mtu ambaye hakukosa ni sawa na dawa ya jirani, unaipokea lakini haikuponyi. Nikamweleza hali ya dada yangu, uji unaorudi, na lile swali la alfajiri. Hapo vidole vilisimama. Lori lilipaki, dereva akaagiza chai, akahudumiwa na binti wa mtani, akanywa.

"Mimi si wa kuitwa kwa mlango wa nyuma," alisema mwishowe. "Nimetolewa mbele ya watu, niitwe mbele ya watu. Na aniite aliyenitoa. Hata nikija bila hivyo, mwalimu, nitafika pale na kinywa kizito. Mtani mwenye kinywa kizito ana faida gani?"

Nilirudi siku hiyohiyo. Tulipita Rudewa jua likishuka, ng'ombe wakivuka barabara kati ya mabaki ya mkonge, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza nitaanzaje. Kijana wetu wa kompyuta ni mtoto wa kaka yangu, aliyebaki bila baba akiwa mdogo, na amekua akitafuta kwa bidii jinsi ya kufanya jambo sahihi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia amekosea, ni kama umemwambia hana kwao.

Nilimkuta juu ya lile jabali, akijibu barua za kazini. Aliinuka kunipisha. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nilimweleza masharti ya mtani. Alisikiliza akiitazama simu, kisha akasema polepole kwamba alifuata hatua zangu zote. Aliandika inboksi. Akawatuma wawili. Likaja kundini. Ndipo akamwondoa.

"Ulizifuata," nilimwambia. "Ila ulizifuata mbio."

Nikamweleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani, bila haraka, kwa sababu alistahili kuelezwa. Kwamba hatua ile ya kwanza haikuwekwa ili upate haki ya kwenda ya pili. Imewekwa ili umpate ndugu yako, na maneno hayo yameandikwa palepale. Ukishampata, hakuna hatua nyingine. Kwa hiyo unapaswa kukaa kwenye ya kwanza kadiri mtu anavyohitaji kutafuta miwani. Na ile ya mwisho, ya kumfanya awe kama mtu wa nje na mtoza ushuru, nilimwuliza kama anakumbuka mwenye Injili hiyo alikuwa akifanya kazi gani kabla hajaitwa. Alifikiri kidogo, akatabasamu bila kupenda. Mtoza ushuru, alisema.

"Lakini baba mdogo, mtu amekufa usingizini. Anamwuliza ataamka lini?"

"Wewe hujamwuliza?"

Chini yetu moshi wa jikoni ulikuwa ukipita kwenye migomba, na wanawake wakiitana. Nilimwambia kwamba swali lile halikuletwa na mtani. Lilikuwa tayari limo ndani ya nyumba, limelala na sisi ukumbini, linaamka na sisi alfajiri. Shangazi yake analisema kila siku kuelekea mlango uliofungwa. Kazi ya mtani ni kulichukua swali la namna hiyo, lile ambalo mwenye msiba akilisema litamuua, na kulisema yeye kwa sauti, mchana, mbele ya watu, mpaka lichekwe. Likishachekwa linakuwa na ukubwa wa maneno mengine. Lisiposemwa linabaki ndani.

Kijana aliikunja mikono kifuani. "Kila alfajiri natazama simu," alisema. "Najua hawezi kutuma. Natazama."

"Sote tunatazama."

Alikaa na simu yake muda mrefu. Alifuta, akaandika, akafuta. Aliniuliza ataje mstari gani. Nilimwambia asitaje wowote, aandike kama mtu anayezungumza na mama. Alimrudisha kundini, kisha akaandika mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyemwondoa mama wa Mikumi, kwamba alihukumu asichokijua, kwamba anamwomba aje, kwa kuwa shangazi yupo mkekani na hakuna mwingine anayeweza kumwinua. Alibonyeza. Tukaangalia pamoja. Tiki moja.

Baadhi ya ndugu walinung'unika, na mmoja aliandika kwamba heshima ya marehemu imeuzwa. Kijana alimjibu inboksi. Sijui alimwandikia nini, lakini yule ndugu hakuandika tena.

Mtani alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, na ufagio. Hakumsalimia mtu. Alipita katikati yetu hadi chumbani, akasimama mlangoni akimtazama dada yangu aliyekuwa amejikunja kwenye mkeka, mdogo kama mtoto.

"Kumbe ule uvivu alirithi kwako," alisema. "Na mimi miaka yote nilikuwa namlaumu mtoto."

Dada alifumbua macho.

"Bwenini nilikuamsha mimi. Mwanao nimemwamsha mimi. Sasa nimepanda mlima na magoti haya, nakuta mama naye amelala. Inuka, twende nikamwulize na yule mwingine."

Akamshika mkono. Dada yangu alikuwa dhaifu, tukataka kusaidia, mtani akatufukuza kwa ufagio. Akamwinua peke yake. Walitoka wameshikana, wakazunguka nyumba hadi kaburini, nasi tukafuata kwa mbali. Pale mtani alifagia majani juu ya udongo, akapiga chini mara moja kwa mpini, kama anayegonga mlango wa bweni.

"We mvivu," alisema. "Utalala mpaka lini? Lini utaamka wewe?"

Naapa sote tulingoja jibu. Kuna upepo ulipita kwenye mahindi, ukakoma, na watu wazima wenye akili zao walikuwa wameshika pumzi.

Kisha dada yangu akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kilichokwama, kikatoka, na nyuma yake kikaja kilio ambacho nilikuwa sijakisikia tangu msiba uanze. Mtani akamkumbatia, naye akalia, ufagio ukaanguka. Na kijana wetu wa Dar, aliyekuwa amesimama peke yake kando ya shina la mgomba, akachuchumaa na kuficha uso.

Tanga lilianuliwa jioni hiyo. Dada alikula uji bakuli zima, mtani akimhesabia vijiko na kumwita mlafi. Kabla watu hawajatawanyika, dada aliinua pembe ya mkeka wake akatoa simu ya mwanawe. Alikuwa ameilalia siku zote hizo. Akampa kijana, akasema aichaji, anataka kusikia sauti.

Nilikuwa nje nikifunga begi ilipowaka, na jioni ile kwa bahati mtandao ulikuwa umeshika. Simu yangu ilikuwa mkononi, na nilikuwa nimefungua kundi ili niwaage wa mbali. Mbele ya macho yangu ujumbe wangu wa pole, wa siku ya kwanza, ukapata tiki ya pili. Kisha wa ratiba. Kisha wa zamu za kupika. Mmoja baada ya mwingine, kwa kufuatana, mpaka chini. Najua sababu yake, nimewaeleza hapo mwanzo. Lakini nililazimika kuketi juu ya begi. Kutoka ndani nikasikia sauti yake: ndugu zangu, kumekucha. Majogoo wa kwenye simu wakawika, na wa nje wakawajibu.

Hatujamwondoa mpaka leo. Dada huichaji simu ile kwa sola, na anapopanda jabalini na fimbo yake, huibeba. Mimi nimerudi Mikumi. Alfajiri naamka saa ileile, mke wangu ameacha kuniuliza. Nafungua kundi. Mtani huwa ameshaandika, yuleyule, maneno yaleyale, na hakuna tena anayeuliza ana moyo gani: "Mithali 6:9. Mvivu wangu."

Hakuna anayemjibu. Tunangoja tu, kila mmoja alipo. Namwandikia mpwa wangu habari za asubuhi humo kundini, na naitazama tiki yangu ikiwa moja, mpaka dada yangu atakapofika juu ya jabali.